Mwenzetu Asiyetoka Kitini: Risala ya Wastaafu wa Tuwashe Tena

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Maktaba. Mwenyekiti wetu, Fundi Cherehani. Shemeji yetu Bi Stempu, uliyekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa jina. Wanakikundi, na majirani mliokuja kwa ajili ya feni: tunawasalimu kwa heshima zote.

Salamu zikiwa bado za moto, sisi wanakikundi wa Tuwashe Tena tunaapa, kwa macho yetu yenye miwani na magoti yetu yenye mafuta ya kuchua, kwamba yote yatakayosomwa hapa ni kweli tupu. Hakuna chumvi. Mkionja chumvi, ni jasho la msomaji.

Mgeni rasmi, usishtuke kusikia mlio wa vidole huko nyuma. Huyo ni Bi Chapa. Alipiga chapa mahakamani hadi alipostaafu, na huko alizoea kuandika kila kinachosemwa, mpaka kikohozi cha mshitakiwa. Tulimwomba aandike risala tu, iliyo safi, ya kukukabidhi. Akasema, "Mimi siandiki kilichokusudiwa. Naandika kilichosikika." Basi nakala utakayopewa ndiyo hiyo.

(Hapa msoma risala, ambaye ndiye Katibu wa kikundi, alikunywa maji. B.C.)

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu katika chumba chetu. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu nyuma ya maktaba, na hadi leo mtu akipita hapa nje na dawati bovu, dawati lenyewe linavuta kuelekea mlangoni.

Kompyuta zetu ndizo hizo. Ile ya pembeni inaonyesha kila kitu kwa rangi ya kijani, kwa hiyo tumeitengea masomo ya kilimo. Iliyofunikwa kitambaa inapiga chafya. Ukutani, pale mwanga wa projekta unapopiga, ni lahajedwali letu la zamu: ile karatasi ya kompyuta yenye visanduku, inayojijumlishia na kujiamulia yenyewe ukishaifundisha. Kisanduku kile kikubwa cha njano kinataja nani yuko zamu leo.

Na kuliani kwako, chini ya dirisha, ni meza yenye ruta, kile kijisanduku chenye antena mbili kinachotugawia mtandao. Kando yake ni kiti. Juu ya kiti ni mwenzetu Stempu, tarishi mstaafu. Tunaomba radhi kwamba hakusimama ulipoingia. Si kiburi. Sababu itafika mahali pake.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, kikundi hiki kilizaliwa na kifo. Wala si kifo cha mtu mmoja. Tulikufa wengi kwa pamoja.

Ofisi ya pensheni ilitangaza kwamba mstaafu sasa atathibitisha kuwa yu hai kwa njia ya mtandao. Mwenzetu Kufuli, askari jela mstaafu, akaona haya ni maneno ya vijana. Alikwenda dirishani mwenyewe, akasimama wima, akapiga saluti. Karani akamtazama, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Mzee, hapa unaonekana umefariki."

"Mwanangu, mimi si ndiye huyu nimesimama?"

"Nakuona, mzee wangu. Lakini mfumo haujakuona."

Kufuli akarudi nyumbani. Siku hiyo alikula kidogo, kama inavyompasa marehemu. Kesho yake akatukusanya sisi maiti wenzake, tukaja kuomba chumba hiki, na maktaba ikatutafutia binti mmoja mkufunzi, mpole kama maji ya mtungi.

Binti yule alitufundisha mambo matatu: kuwasha, kuzima, na kuwasha tena. Hilo la tatu liliponya matatizo mengi hata tukalifanya jina la kikundi. Fundi Cherehani alikishika kipanya kama pasi. Alikikandamiza, akakisukuma mpaka ukingoni, na meza ile unaiona ilivyonyooka hadi leo. Bi Chapa alifumba macho, akachapa ukurasa mzima kabla kompyuta haijawashwa, na ilipowashwa ukurasa ukatoka.

(Haukutoka. B.C.)

Ndipo ruta ilipoletwa. Tuliichomekea waya wa umeme, tukauchomeka na ule wa mtandao kwenye tundu la rangi yake, tukangoja. Taa ikawaka nyekundu, ikawa ya machungwa, mwisho kijani, nasi tukapeana mikono. Kisha kifaa kikadai nenosiri, na hapo undugu wetu ukaingia nyufa.

Nani ashike nenosiri? Mwenyekiti alilitaka kwa cheo, Kufuli kwa uzoefu wa funguo, na Stempu kwa sababu hajawahi kufungua bahasha ya mtu. Tulizozana mpaka binti mkufunzi akatoka kwenda kupunga upepo. Aliporudi alikuta tumeamua kiutu uzima: kila mmoja atatia neno lake la siri, kwa zamu, wengine wakiwa wamegeukia ukutani. Nenosiri letu likawa refu kama foleni ya mgao wa maji, na hakuna binadamu aliye hai anayelijua lote. Kuliingiza upya ni lazima tuwepo sote, tujipange kwa mpangilio uleule, na Fundi Cherehani achape lake chini ya mtandio.

Mgeni rasmi, mtu mwenye nenosiri la namna hiyo hapendi kuliingiza mara mbili. Sisi tuliliingiza kila wiki.

Mtandao ulikuwa unakufa kila Jumamosi. Tuliwashuku popo. Tukaishuku mashine ya kusaga ya jirani. Tukaishuku ndoa ya pili ya fundi umeme. Ukweli ni kwamba Kufuli hawezi kuona tundu chafu. Maisha yake yote gerezani, kila Jumamosi alisafisha matundu ya makufuli kwa kijiti na tone la mafuta. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo, saizi ya ncha ya kijiti cha meno. Binti mkufunzi alimfuma ameinama pale, ulimi nje, miwani puani.

"Babu, unafanya nini?"

"Usafi, binti yangu."

"Humo ndani kuna kitufe. Ukikibonyeza, kifaa kinasahau kila ulichokifundisha."

"Hata neno langu la siri?"

"Hata jina lako."

Kufuli akakaa chini polepole. Ofisini alishakufa, kumbe na huku alikuwa anajifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Muda mfupi baadaye binti alipata kazi kwingine. Wosia wake ulikuwa mmoja: kile kitundu kisiguswe. Kufuli, kwa toba, akatunga kanuni. Kando ya ruta patakaa mlinzi, usiku na mchana. Mtu yeyote asiyejisajili asisogee. Na mlinzi hatoki kitini mpaka jina lake litoke ukutani.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa kifua kinatupanuka kidogo, utusamehe.

Kwanza, sisi sote tumefufuka. Kufuli alibonyeza palipoandikwa "Niko hai", mfumo ukamjibu "Hongera", naye akaichapisha karatasi ile na kuitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya harusi.

Pili, ni lahajedwali hilo la zamu. Hapo mwanzo zamu tulizipanga kwa mdomo, na mdomo una ndugu na marafiki. Ilifikia Mwenyekiti na Kufuli kusalimiana kupitia mtu wa tatu. Ndipo Katibu wa kikundi hiki, mtu aliyejifundisha fomula peke yake bila mwalimu, kwa kusoma kwenye mfuko wa kufungia vitumbua...

(Minong'ono ukumbini. B.C.)

...alipobuni fomula ya haki. Kila alfajiri lahajedwali linamtazama aliyekuwa zamu jana, linashuka kisanduku kimoja, linasoma jina linalofuata na kuliandika kwenye ile njano. Majina yamejipanga ukutani mnayaona: Mwenyekiti, Kufuli, Bi Chapa, Stempu, Katibu, kisha linarudi juu. Mashine haina shangazi, haina shemeji. Siku ya mkutano sote tuliinua mikono, tukaapa kwamba litakaloandikwa kwenye njano ndilo litakalofuatwa, na mkono wa mwanakikundi hautaligusa.

Tatu, mtandao wetu sasa una nguvu kuliko ukoo. Siri yake ni goti la Stempu. Hospitali walimtilia chuma humo, na tangu akae kando ya ruta, goti limekuwa antena ya tatu. Akilikunja, wanapata mtandao mtaa wa juu. Akilinyoosha, unafika mpaka kwa muuza mkaa. Asubuhi walimu wa shule ya jirani hupiga simu, "Mzee Stempu, tunaomba uegemee kushoto, tuna mtihani." Naye huegemea.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hatukosi changamoto. Feni inazunguka upande mmoja tu wa chumba. Kompyuta ya kijani imemfanya Fundi Cherehani ashone shati la mteja kwa rangi isiyoagizwa. Vidole vyetu ni vikavu, na skrini za kugusa zinatuona kama Kufuli alivyoonwa na pensheni.

Na ipo changamoto nyingine ndogo, ya kiufundi, ambayo tusingependa kukuchosha nayo. Stempu hatoki kitini.

Zamu zilianza vizuri. Mwenyekiti alikaa akatoka, Kufuli akakaa kwa saluti akatoka kwa saluti, Bi Chapa akakaa akaandika kila alichosikia ruta ikisema. Akafuata Stempu. Alfajiri yake tukatazama ukutani: Stempu. Alfajiri iliyofuata: Stempu. Tukazima tukawasha tena, dawa yetu ya mambo yote. Stempu. Nyusi alizokaa nazo kitini zikiwa nyeusi, sasa ni nyeupe.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kufuli alisema hapana mtu anayeongezewa kifungo bila kosa, akamhoji Stempu kama kuna kitu angependa kusema. Mwenyekiti alisema mashine imemzoea, kama cherehani inavyomzoea fundi mmoja. Katibu naye aliombwa aikague fomula yake. Akaikagua kwa muda mrefu, akiguna, kisha akaeleza kwa lugha nyepesi kwamba fomula ile ni nzito, imeshikana na mtandao wa dunia nzima, na kuigusa kabla ya wakati kunaweza kutegua kitu ng'ambo.

Mwenyewe Stempu hakulalamika. Mgeni rasmi, huyu ni mtu aliyebeba majina ya wenzake mgongoni ujana wake wote, kwenye mvua na mbwa, na hakuwahi kupata barua ya kwake isipokuwa ile ya kustaafu. Asubuhi ya kwanza alipoliona jina lake ukutani, kubwa, la njano, alivua kofia. Ya pili alitabasamu. Kadiri zilivyozidi, akawa anasoma jina lile kama mtu anayesoma bahasha na kutafuta mahali palipoandikwa "rudisha kwa mtumaji". Amejifunza kulala jicho moja moja. Chakula analetewa na mkewe, shemeji yetu huyu, ambaye kwa kanuni anakiweka kwenye mstari wa chaki na kukisukuma kwa ufagio. Kuhusu choo, kanuni zina kifungu chake, ambacho hatutakisoma mbele ya mgeni.

Lililomvunja ni mjukuu. Binti yake alikuja kutoka anakofanya kazi mumewe, akaleta mtoto wa kwanza, yule wa umri wa kushikashika ukuta. Umri huo na kitufe haviaminiki. Kufuli akasema mtoto hajajisajili, asivuke chaki. Basi Stempu amemwona mjukuu wake kwa simu, kwa mtandao anaoulinda yeye mwenyewe. Bi Stempu akiwa nyumbani anamshikia mtoto simu, Stempu anamwimbia, anamfumbia jicho, anaweka kofia na kuivua. Na mtoto ameanza kusema. Neno lake la kwanza ni "Babu", na anaiambia simu. Simu ikizima chaji, analia. Ikichomekwa, anaubusu waya.

Stempu aliposikia hilo aliilaza simu mapajani. Kisha akamuuliza Kufuli, kwa sauti ya kuombea chumvi, "Ndugu yangu, hivi nikitoka kidogo tu?"

"Jina lako liko ukutani, ndugu yangu."

"Najua. Ndiyo maana naomba kidogo."

Leo mchana basi linaondoka na binti yake na mtoto. Wako hapo mlangoni, mtoto mgongoni, mizigo imefungwa. Mwaka kesho huenda warudi, huenda wasirudi. Hilo tunalitaja kama taarifa tu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima tunaomba yafuatayo. Tunaomba feni inayozunguka pande zote. Tunaomba ruta ya pili, ili ya kwanza ipate mtu wa kuzungumza naye. Tunaomba mkufunzi mwingine, akipatikana mwenye subira.

Na la mwisho. Kanuni zetu, kifungu cha chini kabisa, zinasema mkono wa mwanakikundi hauligusi lahajedwali, ila mgeni rasmi anaweza kubadili chochote. Kifungu hicho tulikiandika kwa adabu tu, maana hatukuwahi kuwa na mgeni rasmi. Tulipokisoma tena juzi, tukakimbilia ofisini kwako na kadi ya mwaliko. Hatusemi kwamba hafla hii yote, na maua hayo, na hotuba hii, ni kwa ajili ya kumtoa mtu mmoja kitini. Hatusemi hivyo. Tunaomba tu kwamba, ukipata nafasi, uitazame ile njano kwa jicho la huruma, utamke neno, umpe Stempu likizo ya heshima. Tafadhali usiiguse fomula yenyewe, kwa sababu tulizokwisha kueleza kuhusu ng'ambo. Neno tu linatosha. Zamu ni mzigo wetu sote, umempitia kila mmoja wetu bila ubaguzi, na...

"Shemeji."

(Bi Stempu alisimama. B.C.)

Mgeni rasmi, shemeji yetu ana hisia. Shemeji, maswali yatakuja baada ya...

"Shemeji Katibu, nina moja dogo, halafu nikae. Wewe zamu yako ilikuwa lini?"

(Msoma risala aligeuza ukurasa, akaurudisha. B.C.)

Zamu ya Katibu, shemeji, ilikuwa... ni katika zile za awali. Kulikuwa na mvua.

"Zamu ya kwanza ilianzia kwa Mwenyekiti ikashuka mpaka kwa mume wangu. Haijavuka hapo. Jina lako liko chini yake. Sasa ile mvua ilikunyeshea wewe wapi?"

Mgeni rasmi, tunaendelea na hitimisho. Tunaona unainuka. Mgeni rasmi hana haja ya kujisumbua, kompyuta ile inapiga chafya.

"Haipigi chafya," mgeni rasmi alisema. "Mzee wangu Kufuli, nisogezee kiti. Hii fomula ninaweza kuionyesha ukutani?"

"Kwa kanuni unaweza kila kitu, Mama."

(Mgeni rasmi aliketi, akabonyeza ile njano. Fomula ikatokea ukutani, ndefu. Aliisoma kwa sauti, kipande kwa kipande, kwa lugha ya kueleweka. Ninaiandika kama nilivyoisikia. B.C.)

"Chukua aliyekuwa zamu jana. Shuka kisanduku kimoja. Sawa, hapa ni kama mlivyoeleza. Halafu katikati hapa pana maneno mengine: kama jina ulilolikuta ni Katibu..."

Mgeni rasmi, maneno hayo ni ya kiusalama.

"...kama jina ulilolikuta ni Katibu, panda kisanduku kimoja juu. Juu ya Katibu ni nani?"

"Stempu," alisema Mwenyekiti.

"Na kesho yake ukishuka kutoka kwa Stempu?"

"Katibu."

"Kisha?"

"Panda juu," alisema Kufuli taratibu, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. "Stempu. Shuka, Katibu. Panda, Stempu. Yaani mwenzangu amezungushwa kwenye ngazi yenye vipago viwili."

Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi, lakini tuangalie nia. Katibu ana mgongo mbaya. Kiti kile hakina mto. Katibu alidhani mashine ikiona jina lake itamruka na kuendelea mbele; mkono ukateleza ukaandika juu badala ya chini. Hilo ni kosa la fomula, si la mtu. Na alipogundua, siku zilikuwa zimekwenda, watu walikwisha kumsifu, na Stempu mwenyewe alionekana kulipenda jina lake ukutani...

"Nililipenda wiki ya kwanza," alisema Stempu.

(Ndilo neno lake la kwanza katika hafla hii. B.C.)

"Katibu, wewe ni rafiki yangu," aliendelea. "Uliniletea magazeti hapa kila asubuhi. Ukanisomea. Nikawa nasema moyoni, jamani, mtu ana utu huyu."

(Msoma risala alitaka kunywa maji. Bilauri ilikuwa tupu. B.C.)

(Mgeni rasmi alifuta yale maneno ya katikati, yote, akabonyeza kitufe cha Ingiza. Na ng'ambo hakukusikika kitu. Kwenye njano pakaandikwa: KATIBU. B.C.)

(Stempu alisoma ukuta. Akausoma tena, kama anahakiki anwani. Akasimama kwa kushika meza. Magoti yote mawili yalilia. Kwa taarifa ya kikundi: mtandao haukutikisika. Simu ya muuza mkaa, aliyekaa mstari wa tatu, iliendelea kucheza muziki. B.C.)

Kuhusu goti, mgeni rasmi, tulisema kwa mujibu wa vyanzo vyetu.

(Stempu alivuka mstari wa chaki. Kufuli alisogea pembeni akampigia saluti. Binti yake alimfungua mtoto mgongoni. Mtoto alimtazama yule mzee mwenye miguu, hakumtambua, akageukia simu mkononi mwa bibi yake, akaiita, "Babu."

Stempu aliinama. Aliichukua ile simu, akaishika kando ya uso wake, akaweka kofia, akaivua, akafumba jicho moja. Mtoto alitazama simu. Akatazama uso. Akanyoosha kidole, akaibonyeza pua ya babu yake mpaka ndani, kama kitufe, na sisi sote tukabana pumzi.

Babu hakusahau kitu. Alimpokea, akamkumbatia. Bi Stempu alifungua mkoba, akatoa leso. Ndiyo iliyokuwa humo tangu asubuhi. Wametoka pamoja kwenda kituo cha basi, na mtoto ndiye aliyevaa kofia. B.C.)

HITIMISHO

Mgeni rasmi, risala haiachwi njiani. Sehemu hii tunaisoma tukiwa... yaani Katibu anaisoma akiwa mahali pengine kidogo, hapa chini ya dirisha. Kufuli alikipangusa kiti kwa leso yake, akakigeuza kielekee chumba, akasema, "Karibu ndani," kwa namna ambayo tunaamini aliwaambia wengi kabla yetu. Mstari wa chaki umechorwa upya, mnene kidogo. Kikundi kimepiga kura hapa hapa, mikono yote juu isipokuwa mmoja, kwamba Katibu atakaa kwanza zile alfajiri zote alizokaliwa na mwenzake, ndipo jina lishuke kwa mwingine. Mwenyekiti ameahidi mto, ukipatikana. Magazeti ataletewa na Stempu, ambaye amesema kwa simu, akiwa kituoni, kwamba atayasoma mwenyewe kwanza.

Kiti hiki, mgeni rasmi, ni kigumu kuliko tulivyoeleza. Upepo wa feni haufiki. Na kitundu kile cha nyuma ya ruta, kwa mtu anayekaa nacho karibu, kinakutazama.

Hivyo tunaongeza ombi moja ambalo halikuwemo katika rasimu. Mlango wetu uko wazi kwako siku zote. Si lazima ungoje mwaka. Hata wiki ijayo tunaweza kuandaa hafla nyingine, yenye maua mengi zaidi, na wewe ukiwa tena mgeni rasmi mwenye mamlaka ya kubadili chochote.

"Nimeshawauliza," alisema mgeni rasmi. "Kifungu hicho wamekifuta."

(Kimefutwa. Kura ya pili, baada tu ya ile ya kwanza. B.C.)

Basi tunakushukuru. Mungu akulinde uendako, akupe mtandao usiokatika, na jina lako lisikose kuonekana pale unapokuwa hai. Atujalie sisi vidole vyenye unyevu na mioyo isiyojificha katikati ya fomula. Na yule mtoto afike salama huko aendako, akipiga simu ajue upande huu kuna mtu mzima mwenye miguu anayemngoja.

Ni sisi wako,
Wanakikundi wa Tuwashe Tena.

Imesomwa na Katibu, kitini.

(Imechapwa kama ilivyosikika. Ile ya kwanza kabisa, ya kuapa kwamba hakuna chumvi, pia nimeiandika. B.C.)